Chumba Kipi Kimemaliza Stima?

Katika ploti nyingi za Rhonda, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, vyumba kadhaa hutumia mita moja ya stima. Wapangaji huchanga pesa, mmoja wao hununua tokeni kwa simu, kisha namba 20 zinabonyezwa kwenye mita. Tokeni ikiisha kabla ya siku zake, swali linalozunguka uani ni moja: chumba kipi kimemaliza stima? Huyu anashukiwa kwa koili ya kuchemshia maji, yule kwa kupiga pasi sare za watoto kila alfajiri, mwingine kwa runinga isiyozimwa. Watu wanabishana mpaka usiku na mita haiwasaidii, kwa maana haina la kusema. Inajua uniti ngapi zimepita. Haijui zimeingia mlango gani.

Mimi hufundisha hisabati, na sijapata mfano unaoeleza jambo la leo vizuri kuliko ugomvi huo. Jambo lenyewe ni aina tatu za fanksheni ambazo huwatesa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu: injektivu, sajektivu na baijektivu. Majina hayo yalienezwa na kundi la wanahisabati wa Ufaransa waliokuwa wakiandika kwa jina moja la Bourbaki, katikati ya karne ya 20. Ni majina magumu mdomoni, lakini yanachokitaja kila mpangaji anakijua.

Tuanze na fanksheni yenyewe, ambayo wengine huiita kitendakazi. Ina vitu vitatu. Kuna seti ya kuanzia, kuna seti ya kufikia, na kuna kanuni inayompeleka kila mmoja wa seti ya kwanza kwa mmoja wa seti ya pili. Vyumba vya ploti ni seti ya kuanzia, mita ni seti ya kufikia, na kanuni ni waya. Masharti ni mawili: pasiwe na chumba kisicho na mita, na pasiwe na chumba chenye mita mbili. Basi.

Angalia kile ambacho masharti hayakusema. Hayakukataza vyumba sita kufuata mita moja. Hayakukataza pia kuwepo kwa mita ukutani isiyofuatwa na chumba chochote. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Nikiwauliza injektivu ni nini, wananijibu, "Kila chumba kina mita moja." Hapana. Hiyo ni fanksheni yoyote ile, hata ile mbaya kabisa ya vyumba sita na mita moja. Kosa lao linatokana na mahali waliposimama: wamesimama mlangoni mwa chumba na kutazama mbele, kumbe maswali yetu yote huulizwa ukiwa umesimama kwenye mita na kutazama nyuma.

Simama basi kwenye mita, uhesabu nyaya zinazokufikia. Ikiwa hakuna mita inayofikiwa na waya zaidi ya mmoja, fanksheni ni injektivu. Darasani mimi huiita isiyogonganisha, kwa sababu wawili tofauti hawakutanishwi mahali pamoja. Ikiwa hakuna mita isiyofikiwa na waya wowote, ni sajektivu, yaani isiyobakiza. Na ikiwa kila mita inafikiwa na waya mmoja kamili, si zaidi wala si pungufu, ni baijektivu. Hapo ndipo unapoweza kufuata waya kinyumenyume kutoka kwenye mita hadi mlangoni, na ugomvi wa uani ukaisha. Fanksheni ya kinyume ipo pale tu ambapo fanksheni ya kwanza ni baijektivu. Ploti yenye mita moja haina kinyume, na ndiyo maana mita haiwezi kumtaja mtu.

Chukua mfano mwingine. Rhonda ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Nakuru Mjini Magharibi. Kenya ina maeneo bunge 290, na kila moja huchagua mbunge mmoja. Fanksheni inayotoka kwenye maeneo bunge kwenda kwa wabunge haigonganishi, maana hakuna mtu anayewakilisha maeneo bunge mawili. Je, inabakiza? Inategemea umetaja nani upande wa pili. Ukisema "wabunge wote wa Bunge la Taifa", wako 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wanawake waliochaguliwa na kaunti, na 12 walioteuliwa na vyama. Kwa hiyo 59 hawafikiwi, na fanksheni si sajektivu. Ukisema "wabunge waliochaguliwa na maeneo bunge", papo hapo inakuwa baijektivu. Hakuna kura iliyohesabiwa upya. Ulichobadilisha ni orodha ya upande wa kufikia.

Na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote. Ukiniuliza kama fanksheni fulani ni injektivu au sajektivu na hukunitajia seti zake mbili, hujaniuliza kitu. Chukua kanuni inayojulikana na kila aliyepita sekondari, ile ya x². Ikiwa inatoka kwenye namba halisi zote kwenda kwenye namba halisi zote, inagonganisha, kwa kuwa 3 na −3 zote hufika 9. Na inabakiza, kwa kuwa hakuna namba halisi ambayo mraba wake ni −4. Sasa zuia seti ya kuanzia iwe namba zisizo hasi tu: mgongano umekwisha, lakini −4 bado imebaki peke yake. Rudisha namba zote upande wa kuanzia, uzuie upande wa kufikia uwe namba zisizo hasi: hakuna kinachobaki, lakini 3 na −3 zinakutana tena. Zuia pande zote mbili: sasa ni baijektivu, na kinyume chake ni kipeuo cha pili kile kile kilicho kwenye kikokotoo chako. Kikokotoo kikikupa 3 pekee kwa 9, bila kutaja −3, ni kwa sababu ya uzuiaji huo uliofanywa zamani kwa niaba yako. Kanuni moja, majibu manne.

Je, unapimaje? Tuchukue 3x + 2 kwa namba kamili. Kwa swali la kugonganisha, tuseme kuna a na b zinazofika mahali pamoja, yaani 3a + 2 = 3b + 2. Ondoa 2 pande zote, gawanya kwa 3, utapata a = b. Maana yake ni kwamba hao "wawili" walikuwa mmoja tangu mwanzo. Haigonganishi. Kwa swali la kubakiza, chukua y yoyote ya upande wa kufikia na umtafute aliyeleta: x = (y − 2) ÷ 3. Sasa angalia kama x huyo anaishi katika seti ya kuanzia. Ukiweka y = 4, x ni theluthi mbili, ambayo si namba kamili. Basi 4 haifikiwi, na fanksheni inabakiza. Ruhusu sehemu pande zote mbili, theluthi mbili ikaribishwe ndani, nayo inakuwa baijektivu. Tena ile hesabu ya kumtafuta x ndiyo fanksheni ya kinyume yenyewe, umeipata bila jasho la ziada.

Kazi ya kuthibitisha na kazi ya kupinga hazina uzito sawa. Anayepinga anahitaji mfano mmoja tu: jozi moja iliyogongana, au mmoja aliyebaki. Anayethibitisha lazima aseme kwa niaba ya wote, na ndiyo maana anatumia herufi a na b badala ya namba. Nimeona vijana wakijaribu namba tano, wakaona hazigongani, wakaandika kwa ujasiri kwamba fanksheni ni injektivu. Wape x³ − x. Wataweka 2 wapate 6, 3 wapate 24, 4 wapate 60, 5 wapate 120. Kila jibu na lake. Kisha waweke 0, 1 na −1: zote tatu zinaangukia 0. Ukichora grafu yake, mstari wa mlalo unaopita kwenye sifuri unaikata mara tatu, na macho yanaona kile ambacho majaribio yao yalikificha. Mstari huo ni kipimo kizuri kwa fanksheni za namba halisi. Ukiikata grafu mara mbili au zaidi mahali popote, kuna kugongana. Ukipata kimo ambacho mstari haugusi kitu, na kimo hicho kimo katika seti ya kufikia, kuna kubakiza.

Kuna fanksheni nyingine ambayo kila msemaji wa Kiswahili huibeba mfukoni, nayo ni saa. Siku ina saa 24, lakini majina tunayoyatamka ni 12. Saa tatu iko asubuhi na iko usiku. Kutoka kwenye saa za siku kwenda kwenye majina, hakuna jina linalobaki bila kutumika, ila kila jina linabeba saa mbili. Mtu akikuambia tu "nitafika saa tatu", amekupa mita moja ya vyumba viwili. Akiongeza "usiku", amepanua seti ya kufikia, na sasa unaweza kurudi nyuma hadi kwenye saa yenyewe.

Halafu kuna ule ubadilishaji tunaoufanya kila tunapotazama simu: saba ya simu ni saa moja, nane ni saa mbili, na moja ya mchana ni saa saba. Unaongeza sita, na ukivuka kumi na mbili unaanza upya. Kwenye zile namba 12 za saa haigonganishi wala haibakizi. Tena ina uzuri ambao fanksheni chache zinao: ndiyo kinyume chake yenyewe. Kutoka saa ya simu kwenda saa yetu unaongeza sita, na kutoka saa yetu kwenda ya simu unaongeza sita vilevile, kwa sababu sita mara mbili ni mzunguko mzima. Mtoto wa darasa la pili anafanya hivyo bila kusita, na hakuna aliyemwambia kwamba anashughulika na fanksheni baijektivu.

Turudi kwenye zile namba 20 za tokeni, kwa maana humo ndani kuna kila kitu tulichosema hadi sasa.

Tokeni za Kenya Power hufuata kanuni za STS, zilizoanzia Afrika Kusini na kuenea katika nchi nyingi. Kwa kanuni hizo, tokeni ni ujumbe wa biti 66, na kila biti ni 0 au 1. Biti 24 hubeba wakati, 16 hubeba kiasi cha uniti, na 16 nyingine ni za ukaguzi ili mita igundue namba iliyokosewa. Zilizobaki hueleza aina ya ujumbe na kuutofautisha na mwenzake. Kisha ujumbe huvurugwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako, na mita hutumia ufunguo huo kuurudisha ulivyokuwa. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako.

Uvurugaji huo hauwezi kuwa wa namna yoyote tu. Ukigonganisha, ujumbe wa uniti 5 na ujumbe wa uniti 50 ungeweza kutoa tokeni moja, na mita isingekuwa na njia ya kujua ulilipia upi. Kwa hiyo lazima uwe injektivu. Hapa hisabati inatupa zawadi. Vinavyoingia na vinavyotoka ni vya seti moja yenye mwisho, na kwa seti zenye idadi sawa inayohesabika hadi ikaisha, kutogonganisha na kutobakiza ni kitu kimoja. Fikiria ploti ya vyumba 12 na wapangaji 12. Ikiwa hakuna wawili wanaoishi chumba kimoja, basi hakuna chumba kitupu. Thibitisha moja, umepata na la pili. (Kwa seti zisizo na mwisho zawadi hiyo haipo: zidisha kila namba ya kuhesabia kwa 2, hutagonganisha yeyote, lakini namba witiri zote zitabaki. Dedekind, mwaka 1888, aliitumia tabia hiyo hiyo kueleza maana ya kutokuwa na mwisho.)

Na idadi zisipolingana? Hapo huhitaji hata kuiona kanuni. Alama za mtihani kutoka 0 hadi 100 ziko 101, na gredi za KCSE ni 12, kutoka A hadi E. Kugongana hakuepukiki, kuna gredi itakayopokea alama 9 au zaidi, vyovyote utakavyoweka mipaka. Hoja hii huhusishwa na Dirichlet, aliyeitumia mwaka 1834. Kwa sababu hiyo pia, mwenye gredi ya B hawezi kuambiwa alama yake halisi na cheti.

Baada ya kuvurugwa, biti 66 huandikwa kwa tarakimu za kawaida ili mtu aweze kuzibonyeza. Jumbe zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 66, yaani 73,786,976,294,838,206,464. Namba za tarakimu 20, ukihesabu na zinazoanza kwa sifuri, ni 1 ikifuatwa na sifuri 20. Uandishi huu haugonganishi, lakini unabakiza, na unabakiza zaidi ya robo nzima. Unaweza kuwaona waliobaki wewe mwenyewe. Fungua jumbe za zamani za tokeni kwenye simu yako, utazame tarakimu ya kwanza. Hutapata tokeni inayoanza kwa 8 wala 9. Hazifikiwi, kwa sababu namba kubwa kuliko zote inayoweza kutoka inaanza na 73.

Sasa zile biti 24 za wakati. Zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo ni kama miaka 31 na miezi 11. Ndani ya kipindi hicho kila dakika ina namba yake, na mita hutumia namba hiyo kutambua tokeni iliyokwisha kutumika ili isiingizwe mara ya pili. Lakini tarehe 24 Novemba 2024 dakika hizo zingeisha, na hesabu ingerudi sifuri, kama saa yetu inavyorudi moja baada ya kumi na mbili. Dakika ya mwaka 2024 ingebeba namba ya dakika ya mwaka 1993. Tokeni mpya kabisa ingeonekana kwenye mita kuwa ya zamani, nayo ingekataliwa.

Wengi wanaukumbuka mwaka 2024 kwa ujumbe wa namba 60. Wakati huo mama mmoja mwenye ploti alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, nimelipa mara moja, mbona wamenitumia tokeni tatu?" Mbili za kwanza, ambazo ilibidi ziingizwe kwa kufuatana, zilibadilisha ufunguo wa mita na kufuta kumbukumbu ya namba zilizotumika. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na uniti. Mita za LUKU kule Tanzania na za Yaka kule Uganda zilipitia jambo hilo hilo, kwa sababu zinafuata kanuni hizo hizo. Kwa ufunguo mpya, dakika zinahesabiwa tangu 1 Januari 2014.

Tazama kilichofanyika, kwa jicho la x². Fanksheni iliyoanza kugonganisha haikuondolewa. Kanuni ya kuhesabu dakika na kurudi sifuri ni ile ile. Kilichohamishwa ni seti ya kuanzia: badala ya dakika za 1993 hadi 2024, sasa ni za 2014 hadi 2045, na ndani ya mipaka hiyo hakuna dakika mbili zenye namba moja. Kwa hesabu mpya, dakika za 2024 zina namba ndogo kuliko za hesabu ya zamani, na mita ingezikataa kama ingeendelea kukumbuka namba za zamani. Kwa hiyo ilibidi kumbukumbu ifutwe. Mipaka mipya nayo ina mwisho, na hesabu ya siku inauangusha kwenye tarehe 24 Novemba 2045.

Yule mama, nilipomweleza hayo pamoja na mfano wa vyumba na mita, alinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. Muda si mrefu akaweka mita ndogo kwa kila chumba, vyumba 12 mita 12, na ugomvi wa nani amemaliza stima ukaisha siku hiyo hiyo. Kisha fundi akamwonyesha mita ya 13, ya taa za uani na pampu ya maji, isiyofuata mlango wa mtu yeyote. Fanksheni ya vyumba kwenda kwenye mita haikugonganisha tena, ila ilikuwa imebakiza moja. Wapangaji walikaa Jumapili wakakubaliana kuugawa mzigo wa mita hiyo kwa 12, na anayehama katikati ya mwezi alipe siku alizokaa.